Ukali wa Wafariji: Marafiki wa Ayubu Mbele ya Msiba

Aghalabu wasomaji wa Kitabu cha Ayubu huwahukumu Elifazi, Bildadi na Sofari kwa haraka mno. Husahaulika kwamba watu hawa walitoka makwao, wakapatana kwenda kumlilia mwenzao, wakararua mavazi yao na kuketi naye chini siku 7, mchana na usiku, pasipo kutamka neno. Si rahisi kudai kwamba walikosa upendo. La kuulizwa, basi, ni vipi marafiki wema waliishia kuwa watesi.

Jibu limo katika msuko wa mjadala wenyewe. Katika sura ya 4, Elifazi anaanza kwa upole, akikiri kwamba Ayubu aliwahi kuwatia nguvu wanyonge. Kufikia sura ya 22, msemaji huyo huyo anamshtaki kwa kuwanyima maji wachovu na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Baina ya sura hizo hapakuletwa shahidi yeyote. Kilichozidi ni kimoja tu: Ayubu amekataa kukiri kosa. Maadamu kanuni yao yasema kuwa mateso ni malipo ya uovu, na mteswaji hakiri, hapana budi uovu wake ubuniwe.

Bildadi ndiye anayeumiza zaidi. Katika sura ya 8 anasema kwamba, ikiwa watoto wa Ayubu walimkosea Mungu, basi wamelipwa kwa kosa lao. Msomaji hukumbuka sura ya 1, ambamo baba huyu alikuwa akiamka alfajiri kutoa sadaka kwa ajili ya kila mtoto, akichelea kuwa huenda wamekufuru moyoni. Bildadi, labda bila kujua, anaigusa hofu ile ile aliyokuwa nayo baba kabla ya msiba. Kimantiki, neno "ikiwa" linamwachia nafasi ya kujitetea. Kwa mzazi aliyefiwa na watoto 10 kwa siku moja, halimwachii yoyote.

Yaweza kujibiwa kwamba Ayubu naye hakuwa mpole: anawafananisha na kijito kinachokauka wakati wa joto. Hata hivyo, katika sura ya 6 anagundua jambo zito: wameona maafa, wakaogopa. Ikiwa mcha Mungu aweza kupoteza yote bila sababu, watoto wao wenyewe hawana salama. Hatia ya Ayubu ndiyo ngao yao. (Kurani, inayomtaja Ayubu kwa ufupi katika sura ya 21 na ya 38, haina mjadala huu, yamkini ndiyo sababu Ayubu wa pwani ni wa subira zaidi kuliko wa mabishano.)

Hukumu ya sura ya 42 ina utata. Mungu anawakasirikia kwa kutonena sawasawa juu yake Yeye. Ukali wao kwa mfiwa hautajwi. Lakini sharti la msamaha linausema: wachukue mafahali 7 na kondoo waume 7, waende kwa Ayubu, naye awaombee. Waliyemzulia ndiye wanayemhitaji.

Baadaye wanakuja ndugu, dada na wote waliomfahamu zamani. Wanakula chakula nyumbani mwake, wanamfariji, na kila mmoja anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Mtunzi haandiki hata neno moja walilolisema.