Mtoto na Umri wa Kupambanua

Mtoto huanza lini kupambanua jema na baya? Dini zimelijibu swali hili kwa kutaja umri, na majibu yanakaribiana. Katika fikihi ya Kiislamu, akitimiza miaka 7 mzazi hutakiwa kumwamrisha kuswali, ingawa haandikiwi dhambi mpaka abalehe. Kanisa Katoliki nalo, kwa tamko la mwaka 1910 chini ya Papa Pius X, lilisema akili ya kupambanua huanza karibu na miaka 7, likafungua Komunyo ya Kwanza kwa watoto waliokuwa wakisubirishwa hadi 10, 12 au zaidi.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alionekana kuziunga mkono dini hizo. Katika kitabu chake cha 1932 aliwasimulia watoto visa viwili. Mtoto mmoja ameitwa kula. Anasukuma mlango asijue kuwa nyuma yake pana sinia la vikombe, na vyote 15 vinavunjika. Mwingine anadokoa jamu kabatini mama yake hayupo, anavunja kikombe kimoja. Nani amekosa zaidi? Wadogo wengi walimtaja yule wa vikombe 15. Walihesabu hasara, nia wakaiacha.

Lakini kipimo chenyewe kilikuwa kigumu kuliko jambo lililopimwa: watu wawili, nia mbili na hasara zisizolingana, vyote kwa mpigo. Watafiti waliokuja baadaye walipoionyesha nia waziwazi kwa picha, hata watoto wa miaka 3 waliizingatia. Mwaka 1981, Judith Smetana aliwauliza watoto wa shule ya awali kuhusu makosa ya darasani. Kuacha vitu vya kuchezea ovyo kulikuwa kosa pale tu palipo na kanuni. Kumpiga mwenzako kulibaki kosa hata kama shule haina kanuni ya kukukataza.

Hapo mtoto anaingia, bila kujua, katika mabishano ya watu wazima. Plato, katika Euthyphro, aliuliza kama jambo ni jema kwa kuwa miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa kuwa ni jema. Katika teolojia ya Kiislamu, Muutazila walishikilia kwamba akili yenyewe hutambua uovu wa dhuluma. Maashari wakasema sheria ya Mungu ndiyo inayouthibitisha. Jibu la mtoto linaelekea kwa Muutazila, ila haliamui kesi: al-Ghazali, mwanazuoni wa Maashari, aliwajibu mapema kwamba watu huita baya kile kinachopingana na makusudio yao na mazoea waliyolelewa nayo, na mtoto aliyewahi kupigwa anajua maumivu kabla ya hoja.

Kinachompungukia mtoto huyu ni kujua mwenzake anajua nini. Katika jaribio la Heinz Wimmer na Josef Perner la 1983, mtoto Maxi anaweka chokoleti kabatini, kisha mama anaihamisha Maxi akiwa hayupo. Wa miaka 3 husema Maxi ataitafuta ilikohamishiwa. Baada ya miaka 4 wengi hupata jibu. Asiyeona kwamba mwingine aweza kukosea kwa kutojua hawezi bado kuhukumu kwa haki, hata kama anajua kupiga ni vibaya.

Kwa hiyo miaka 7 inaeleweka zaidi kama mpaka wa kuanza kuzoezwa wajibu kuliko siku akili inapozaliwa. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe hawakuupa uzito mmoja: kwa madhehebu ya Hanafi, mtoto anayepambanua aweza kuuza na kununua kwa idhini ya walii wake, kwa Shafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mauzo yake hayasihi mpaka abalehe.