Nani Amfuate Mwenzake?

Kijana wa Hasamba, hapa Songwe, akibeba begi mgongoni na kuvuka mpaka wa Tunduma kwa safari ya miezi mingi, apite Lusaka na Livingstone, pengine afike Windhoek au Cape Town, nyumbani huulizwa swali moja tu: atarudi lini? Wazazi, wajomba na mashangazi humwona kuwa mdaiwa, na malipo yake ni kurudi. Naona daftari hilo limeandikwa upande mmoja. Waliobaki nao wanadaiwa. Wakiwa na uwezo, imewapasa watoke, wamkute msafiri huko huko aliko, wakae naye siku chache, kisha wamwache aendelee na njia yake. Wengi wataona ni anasa. Mimi nalitetea jambo hilo kama wajibu, tena wajibu wa dini.

Sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka husomwa sana kwa ajili ya somo la uongozi, na jambo la undugu lililomo hupitwa. Musa yuko jangwani, safari bado ndefu. Yethro, baba mkwe wake, anasikia habari zake akiwa Midiani. Hamwiti Musa aje. Anaondoka yeye, akiongozana na Sipora na wale watoto wawili. Musa anatoka kumlaki, anainama, wanajuliana hali, wanaingia hemani, wanakula. Kesho yake mzee anamtazama mkwewe akiwaamulia watu tangu asubuhi hadi jioni, na anaona kitu ambacho Musa mwenyewe hakukiona, kwamba anachakaa. Angebaki Midiani angeletewa habari za Farao na bahari. Uchovu usingetajwa, kwa kuwa hata mwenye nao hakuujua. Halafu, na kwangu hapa ndipo penye uzito, Yethro anarudi kwao. Hakuja kumrudisha mtu. Aliona, akala, akasema la kusema, akaondoka, na safari ya Musa ikaendelea.

Msomaji wa Injili atanipinga kwa Luka 15: yule baba hakumfuata mwanawe nchi ya mbali, alingoja. Pingamizi lina nguvu, maana katika sura hiyo hiyo mchungaji anamfuata kondoo na mwanamke anaitafuta shilingi. Mwana peke yake hatafutwi. Nadhani sababu ni kwamba kondoo na shilingi hurudishwa tu, havina la kusema, ilhali mtu ana hiari yake, na kumwendea ili kumkamata kungemfanya kuwa mali. Kwa hiyo nausoma mfano ule kuwa unakataza kumrudisha mtu bila ridhaa yake. Kumwendea haukukataza. Na baba huyo, alipomwona mwanawe angali mbali, hakukaa mlangoni akingoja kuombwa radhi. Alikimbia.

Kwa Waislamu jambo hili liko wazi zaidi. Sheria humpunguzia msafiri rakaa za sala na kumruhusu kula mchana wa Ramadhani alipe baadaye. Lakini undugu haupunguzwi na umbali. Tena Mtume alifundisha, katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba muunga undugu wa kweli siye anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale ulipokatwa. Baada ya fundisho hilo ni vigumu kushikilia kwamba aliyeondoka ndiye pekee wa kurudi.

Watu wa Songwe hawahitaji kuambiwa kwamba ndugu anaweza kuwa ng'ambo. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ulipitisha mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanamwanga wakajikuta wengine huku Tunduma, wengine kule Nakonde, upande wa Zambia. Undugu wao haukufa, kwa sababu wa huku huenda na wa kule huja, kwa harusi, kwa msiba, kwa biashara. Ilikuwa tofauti kwa wanaume wa nyanda za juu kusini waliochukuliwa kwenda migodi ya Afrika Kusini. Mkataba wa kazi ulimhusu mwanamume peke yake, akalala bwenini na wanaume wenzake, na mke hakuwa na namna ya kumfuata. Wengine hawakuonekana tena. Tumezoea kuwalaumu kwamba walisahau kwao, lakini tusisahau kwamba kwao hakukuruhusiwa kuwafikia. Leo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita Vwawa na Tunduma hadi Kapiri Mposhi; mabasi yapo, na kizuizi kilichomfunga yule mke hakimfungi kila mtu.

Fedha je? Mjane anayeishi kwa miche michache ya kahawa hawezi kufika Windhoek, wala simdai. Lakini ukoo si mtu mmoja. Kijana huyo akifia Johannesburg, kamati itaundwa siku hiyo hiyo, michango itatoka Hasamba, Vwawa na Dar es Salaam, na mwili utaletwa uzikwe kwao. Ni desturi ya heshima na sitaki ife. Ila ukoo unaoweza kulipia jeneza kutoka Johannesburg unaweza, kwa fedha chache kuliko hizo, kumlipia mama nauli ya basi hadi Lusaka akale na mwanawe angali hai. Wengine watasema simu ya video inatosha. Simu huonyesha kile ambacho mpigaji amechagua kuonyesha, na Yethro hakuhitaji kuonyeshwa.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la msafiri mwenyewe. Aliondoka ili apumue, asiulizwe habari za ndoa wala kazi, na sasa ukoo unamfuata na maswali yale yale. Ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana nasema mji na siku achague yeye, na wanaokuja waje kama wageni. Ugeni huo hubadili mengi. Nyumbani mtoto aliyerudi hupewa tena nafasi ile ile aliyoiacha. Lusaka mama ndiye asiyejua nauli wala basi la kupanda. Mtoto ndiye mwenyeji, na mzazi analazimika kumuuliza, kumsikiliza na kumwamini. Yupo pia aliyekimbia kipigo au ndoa ya kulazimishwa, asiyetaka kuonwa na yeyote wa kwao. Huyo haviziwi njiani. Yethro alitanguliza neno kwamba anakuja kabla hajafika kambini, nao ukoo umtumie neno, na asipojibu wabaki.