Ushindi wa Kupaka Sakafu

Kila mchezo huanza kwa kukubaliana kipi kihesabiwe. Soka huhesabu mabao, na timu iliyomiliki mpira dakika zote 90 inaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Michezo mingi ya kurushiana risasi mtandaoni huhesabu waliouawa. Uamuzi huo wa mtunzi, ambao wengi hatuufikirii, ndio unaompangia mchezaji atazame nini, amthamini nani na amdharau nani. Kwangu mimi Splatoon unaipita michezo yote ya mtandaoni kwa sababu watunzi wake waliamua kuhesabu sakafu.

Mchezo huu ni wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2015 kwa mashine ya Wii U. La pili (2017) na la tatu (2022) ni ya Switch. Wahusika ni vijana wenye uwezo wa kujigeuza ngisi, na silaha zao, kuanzia bunduki na ndoo hadi rola kama ya fundi rangi, hutoa wino. Katika pambano la kawaida wanne hukabiliana na wanne kwa dakika tatu, pengine njano kwa zambarau, pengine kijani kwa waridi. Ukipigwa wino mwingi unalipuka, kisha baada ya sekunde chache unaibuka tena kituoni kwenu na kuendelea. Muda ukiisha, paka mnene aitwaye Judd hutangaza timu iliyofunika eneo kubwa zaidi. Idadi ya uliowalipua haimo katika hukumu yake.

Wino huo si pambo. Ukijigeuza ngisi ndani ya rangi ya timu yako, unaogelea kwa kasi, unajificha na tangi lako linajaa upya. Rangi ya wapinzani inakunata miguuni na kukuumiza. Kwa hiyo anayebaki nyuma akipaka kona ambayo hakuna anayeigombea anaongeza alama za timu, na papo hapo anawatengenezea njia na maficho watu asiowajua, ambao huenda wasitambue kuwa ni yeye aliyepita hapo. Sijaona mchezo mwingine wa silaha unaoipa kazi ya aina hiyo hadhi sawa na shabaha kali. Rangi zinang'aa mno, ndiyo, na wapo wanaoudharau kwa sababu hiyo wakisema ni wa watoto. Nadhani wanachokiona cha kitoto ni hesabu yenyewe: wamezoea kwamba vita bila maiti si vita.

Atakayebisha ana hoja nzito kuliko hiyo. Mpinzani aliyelipuka hapaki rangi, kwa hiyo kulipua kunasaidia kushinda, na wachezaji wakali hulipua sana. Ni kweli. Hapa mwanafalsafa Aristotle anatufaa, kwa kuwa alitenganisha kinachotafutwa kwa ajili yake chenyewe na kinachotafutwa kwa ajili ya kingine. Katika Splatoon kulipua kuko kundi la pili. Anayekusanya milipuko huku uwanja nyuma yake ni mkavu amebeba njia akaacha lengo, na paka atamweleza hivyo mbele ya wote. (Zipo aina nyingine za pambano, za kugombea mnara au kubeba mzigo hadi ngome ya wapinzani, na mabingwa huzipenda zaidi. Nazicheza. Hazinigusi vile.)

Tena aliyelipuliwa haondolewi mchezoni, na wachezaji wa bao hawatashangazwa na mantiki hiyo. Katika sataranji kipande kilichokamatwa hutolewa ubaoni na hesabu yake imekwisha. Katika bao la Kiswahili, kete ulizokula unazisambaza upande wako na zinaendelea kucheza. Baadaye, au hata zamu inayofuata, zinaweza kuliwa tena. Ushindani unaweza kuwa mkali kabisa bila kumwondoa mtu wala kitu. Kilichopokonywa kinaweza kurudi, na ndiyo maana sekunde 30 za mwisho katika Splatoon zinatosha kupindua pambano lililoonekana limekwisha.

Hesabu hii hubadili pia namna ya kuwatazama wageni wa mchezo. Kwingineko asiyejua kulenga ni mzigo, na hukoma kucheza kabla hajajifunza kwa sababu ya matusi. Humu anaweza kulenga ardhi, ambayo haikwepi, na mchango wake ukahesabiwa tangu dakika ya kwanza. Ukipangwa na usiowajua, mawasiliano yenyewe ni ishara chache tu, kama vile kuwaita wenzako waje upande wako au kushangilia. Wengine huona huo ni upungufu. Mimi naona hakuna aliyekosa kitu kwa kunyimwa nafasi ya kumtukana mtoto wa nchi nyingine.

Sisemi Splatoon unawafanya watu kuwa wema. Mwenye hasira atapata pa kuitolea hata kwenye karata. Nasema tu kwamba kanuni moja, ya kuhesabu kilichofunikwa badala ya kilichoangushwa, imetosha kuwafanya watu wanane waliojihami wapiganie kazi ya fundi rangi. Ukipata nafasi ya kuucheza, chukua rola, waache wenzako wakimbilie katikati, nawe uanze na sakafu ya nyumbani.