Mkono Wako Si Panya

Mjukuu wangu, hilo gunia liweke chini kwanza. Najua unakotaka kwenda: umtie paka humo, uvuke naye feri, ukammwage Kongowea kwenye vichwa vya samaki, kisha urudi Likoni roho nyeupe. Hutakuwa wa kwanza. Mimi magoti yananiuma, na maneno haya nilishamwambia mamako na wajomba zako tangu wakiwa wadogo. Nitayasema tena pole pole, nawe unisikilize mpaka nimalize.

Tuanze na mtoto. Dadako ameumwa mkononi na damu imetoka. Kabla ya kumhukumu paka, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Mferejini hakuna kitu, najua, na mwenye mkokoteni amepandisha bei. Mtungi mzima wa lita 20 umwagike, nitalipa mimi. Msipake mafuta ya taa wala dawa ya jirani. Kisha apelekwe hospitali leo hii, si kesho, wamtazame kama anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni kweli mbwa ndio wanaoueneza zaidi ugonjwa huo, lakini paka naye huupata na kumpa mtu. Serikali ilitangaza mwaka 2014 kwamba itaumaliza nchini ifikapo 2030, nasi tunangoja. Halafu jino la paka ni jembamba na refu: juu huacha kitundu cha sindano ambacho hufunga upesi, ndani umebaki uchafu, na baada ya siku moja mkono umefura.

Na hapo ujue ubaya mwingine wa gunia lako. Daktari atauliza kama huyo paka ana chanjo, na kama bado yu mzima zikipita siku 10 tangu aume. Ukishamtupa Kongowea utamjibu nini? Utakuwa umeitupa jawabu pamoja na mnyama.

Sasa tuseme yetu. Huyu paka nani alimfunza kuuma?

Ulimleta hapa akiwa hata kunyonya hajaacha vizuri, umemwokota chini ya meza ya muuza viazi karibu na stendi. Nilinyamaza. Kila jioni ukilala kwenye mkeka ukumbini, ukipitisha vidole chini ya leso ya mamako naye avirukie. Ukimpindua chali, ukimkuna tumbo, akikukumbatia kiganja kwa mikono ya mbele na kukipiga mateke kwa ya nyuma, ukicheka na kuwaita wenzako waje watazame. Ni kama mtoto wa miaka miwili anayetukana watu wazima wakamcheka, kisha siku anapotukana mbele ya wageni wakamchapa. Meno yamekua, makucha yamekua, mchezo ni ule ule. Yeye hajui kwamba kimebadilika kitu.

Kipaka hujifunza kipimo cha meno kwa mama na ndugu zake. Akimuuma ndugu kwa nguvu, ndugu hulia na kuondoka, mchezo umekwisha. Akimzidi mama, hupigwa kofi la makucha yaliyofichwa. Ndiyo maana husemwa asitengwe na mama kabla ya majuma manane, na akikaa zaidi ni bora. Wako alikosa darasa hilo. Mwalimu aliyempata ni wewe, nawe ulimsomesha kwamba mkono wa binadamu ni panya.

Basi mfundishe upya, na uanze kwa kuacha. Kuanzia leo mkono wako hauchezi. Unalisha, unapapasa kichwa na mashavu, basi. Akiukamata, usiuvute. Windo ndilo linalokimbia. Ukiuvuta unazidi kumpandisha mori. Tuliza mkono uwe kama umekufa, akilegeza uinuke uende zako, bila kelele, bila kumtazama. Dakika chache zitatosha kumfahamisha kwamba meno hufukuza mchezo. Usimpige. Paka hapigwi akatubu. Hupigwa akaogopa, na paka mwenye hofu huuma kweli kweli, si kwa mchezo tena. Wala usimtie pua kwenye kidonda cha dadako, nimekuona ukijaribu.

Lakini huwezi kumnyima mkono usimpe kitu. Mwindaji aliyefungiwa ndani ya nyumba ya Kiswahili, ukumbi mmoja na vyumba viwili, ataviwinda visigino vya watu wanaokwenda chooni usiku. Tafuta kijiti kirefu, funga kamba, mwisho wa kamba funga unyoya wa kuku. Uburure sakafuni mbali na mwili wako, ukimbie, ujifiche nyuma ya ndoo, usimame kidogo. Mpe nafasi ya kuukamata mara kwa mara, maana asiyekamata kamwe hukasirika. Fanya hivyo jua likizama, na ukiweza alfajiri, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo damu ya paka huchemka. Robo saa yatosha. Ukimaliza mpe dagaa wake hapo hapo. Atakula, atajiramba, atalala, nasi tutalala. Kamba iweke juu ya kabati. Akiimeza itamkata matumbo, na hapo hakuna dawa ya nyumbani.

Kwa hayo mateke ya nyuma, jaza sufi kwenye soksi kuukuu na uifunge mdomo; aipige hiyo mpaka achoke. Na kipande cha gunia la katani kipigiliwe kwenye nguzo ya uani anolee kucha, aliache kochi la mamako.

Mfundishe na dadako kusoma mwili wake. Mkia ukianza kupiga huku na huku, masikio yakilala, mboni za macho zikatanuka, mtoto aondoe mkono kabla ya kuumwa. Watu husema paka kauma ghafla. Ni nadra sana. Husema kwanza, ila hatumsikilizi. Na akianza kuuma kila aguswapo mahali pamoja, huyo hachezi, anaumwa. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Usiniambie ni paka shume asiyefugika. Mwaka 1978, huko Kilifi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Jeni Slater alikuta vitoto vya paka wa porini kwenye shamba lake la minazi, akavilea. Miaka ya 1980 paka wa ukoo huo walifika hadi Denmark, na leo Wazungu wanawafuga kwenye mazulia, wanawaita Sokoke. Wa msituni alikubali malezi, itakuwa wa stendi ya Likoni?

Na ustadh wako alikusomesha ile hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Sisemi sokoni ni sawa na kufungiwa. Nasema ulimtwaa mwenyewe, kwa hiari yako.

Kitakachokusumbua si paka, ni mjomba wako wa Changamwe. Kila Ijumaa akishaswali huja hapa, na hawezi kuketi barazani bila kumvingirisha huyo mnyama kwa kiganja na kujisifu kwamba yeye hasikii maumivu. Mkimzuia paka wiki nzima kisha mjomba akamrudishia mchezo wake siku moja, mmeanza upya. Mtilie kile kijiti mkononi kabla hajavua viatu. Akinuna, mwambie baba yake ndiye aliyekataza.