Je, Mkamatwa na Ngozi Ndiye Mwizi?

Wahenga wametuachia methali hii: Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Yafaa tujiulize kama hukumu hiyo yatosha tunapomtafuta mwenye hatia katika jambo la maradhi.

Mjini Kampala yuko korongo mkubwa mwenye upara, ambaye Waganda humwita kalooli. Hushinda majalalani akila mabaki. Penye takataka za binadamu na mifugo hupatikana bakteria sugu, yaani wasiouawa tena na dawa zilizokuwa zikiwaua. Ndege alaye hapo aweza kuwabeba tumboni na kuwaacha kwingine pamoja na kinyesi chake. Ni rahisi basi kusema kwamba ndege ndiye adui, na afukuzwe.

Lakini uchunguzi uliofanywa Nairobi katika nyumba 99, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwapima watu, mifugo, ndege na wanyama wengine wa mwitu. Ulionyesha kwamba viumbe hao wa mwitu huupokea usugu huo zaidi ya kuwa chanzo chake. Ndege hakumeza kidonge wala hakuuza. Ngozi imeonekana kwake. Mchinjaji ni mwingine.

Mchinjaji huyo ni nani? Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo haba huwafanya vijidudu kuwa sugu. Yuko mfugaji awapaye kuku dawa ili wanenepe tu. Yuko muuzaji atoaye vidonge bila cheti cha daktari. Yuko mama anunuaye vidonge vitatu badala ya ishirini, kwa kuwa hizo ndizo fedha alizo nazo.

Hawa hawawezi kuwekwa katika mizani moja. Lawama hupimwa kwa maarifa na uwezo. Mama yule atendaye kwa dhiki hadaiwi sawa na muuzaji atendaye akijua, wala sawa na wakuu wa mji waachao jalala wazi ilhali wana uwezo wa kulifunika.

Nasi walimu tuna fungu letu. Neno sugu lina undugu na kitenzi kusugua: ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa mara kwa mara. Tukilifundisha hivyo, mwanafunzi atatambua kwamba usugu hauanzi wenyewe. Upo mkono uliosugua. Kisha tumwulize: mkono huo ni wa nani?