Safari Hupimwa kwa Vituo

Mke na mume wenye likizo ya siku kumi na gari la kukodi wanaweza kunywa kahawa ya asubuhi Barcelona, wakalala Marseille, kesho yake wakapita Nice na Genoa, na kabla ya juma kwisha wakawa wameingia Venice. Barabara ni laini na simu inaelekeza kila kona. Tangu mkataba uliotiwa saini kijijini Schengen mwaka 1985 uanze kutekelezwa mwaka 1995, mpaka wa nchi na nchi, kwa wengi, umebaki kibao tu kando ya njia. Wawili hawa wanafuata nini huko ambacho hawakukipata nyumbani? Wengi watajibu kwa methali: tembea uone. Lakini makanisa ya Genoa na maji ya Mediterania huonekana hata na msafiri wa peke yake, wala hayaongezeki uzuri kwa kutazamwa na macho manne. Ikiwa kusafiri pamoja kuna faida yake mahususi, basi tuitafute penye uhusiano wa wale wawili. Naamini tutaikuta vituoni: pale mmoja anapokubali kusimama kwa sababu mwenzake amesimama.

Lugha yetu imeshatutangulia katika jambo hili. Neno safari tumelipokea kutoka Kiarabu, na Imam Ghazali, katika sehemu ya kitabu chake cha Ihya inayohusu adabu za msafiri, anaeleza kwamba safari imeitwa hivyo kwa kuwa hufunua tabia za watu. Hapohapo anasimulia habari ya Khalifa Sayyidna Umar, aliyemuuliza mtu aliyekuwa akimsifu mwenzake kama amewahi kusafiri naye. Aliposema hajawahi, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Hilo ni fumbo la Kiarabu. Kibantu chetu kimeongeza lake. Kituo kinatokana na kutua: mpagazi hutua mzigo, ndege hutua kiwanjani, jua hutua magharibi. Katika mzizi huohuo limechipuka neno kutulia, na kutoka kutulia tukapata utulivu, neno ambalo wafasiri wetu wa Kurani walilichagua walipofika katika Sura ya Ar-Rum, penye aya inayoeleza kwamba wenza wameumbwa ili mmoja apate makazi ya moyo kwa mwenziwe. Tukiyaweka maneno haya pamoja, maana inajijenga yenyewe. Safari hufunua, lakini kinachofunuliwa hupokelewa kituoni, mzigo unapowekwa chini. Wanaokwenda bila kutua watafunuliana kasoro wasipate pahali pa kuzipumzisha.

Mfano mkubwa wa jambo hili hautoki Ulaya, ila unatupa kipimo cha kuendea huko. Wapokezi wa Hadithi wanasimulia kuwa katika safari mojawapo ya Mtume, mkewe Bibi Aisha alipoteza mkufu, na msafara mzima ukasimama kuutafuta, mahali pasipo na maji. Watu walinung'unika, wakamwendea Abu Bakr, baba yake, wakamlalamikia kwamba binti yake amewakwamisha. Abu Bakr akaja kumkaripia bintiye, akimchoma kwa mkono ubavuni. Aisha hakutikisika, kwa sababu Mtume alikuwa amelala, kichwa chake kikiwa juu ya paja lake. Kulipopambazuka ikateremka ruhusa ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo safi pale maji yanapokosekana. Na ngamia alipoinuliwa, mkufu ukaonekana chini yake. Yatazameni matukio haya kwa karibu. Mume amesimamisha jeshi kwa kipande cha pambo, na mke amevumilia karipio asije akamwamsha mumewe. Hapana hata mmoja aliyeuhesabu muda ule kuwa umepotea, na umma mzima umerithi wepesi uliozaliwa pale. Anayedai kwamba kusimama ni kuchelewesha lengo ana kazi ya kuueleza usiku huo.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1982 mwandishi wa Argentina, Julio Cortázar, na mkewe Carol Dunlop, waliondoka Paris kwenda Marseille kwa kombi ya Volkswagen. Barabara hiyo ya mwendo kasi ina urefu wa takriban kilomita 800, na wenye gari huimaliza kwa siku moja. Wao waliondoka tarehe 23 Mei wakafika tarehe 23 Juni. Walikuwa wamejiwekea masharti: wasitoke nje ya barabara ile hata mara moja, wasimame katika vituo viwili vya mapumziko kila siku, na walale katika kile cha pili. Huko hapakuwa na jumba la makumbusho wala ufukwe. Palikuwa na miti michache, meza za mbao, vyoo, malori yaliyoegeshwa, na wao wawili wakifungua viti vya kukunja na mashine za kuchapia. Ni kama walioamua kuiondoa Ulaya yote inayouzwa kwa picha ili waone kitakachobaki. Kilichobaki kilitosha kujaza kitabu walichokiandika pamoja. Wote wawili afya zao zilikuwa dhaifu, na mnamo Novemba mwaka uleule Carol alifariki, umri wake miaka 36. Julio alikikamilisha kitabu peke yake, kikatoka mwaka 1983. Mwezi Februari 1984 naye akamfuata, na leo wamezikwa pamoja katika makaburi ya Montparnasse. Kama wangeikimbilia Marseille, wangekuwa na mchana mmoja wa pamoja barabarani. Kwa kusimama walijipatia mwezi mzima, katika mwaka ambao haukuwa umewabakishia miezi mingi.

Mtu atasema hizi ni hadithi za watu wa pekee, na kwamba wenye siku kumi tu hawana budi kwenda mbio. Tuitazame Venice. Kuanzia tarehe 25 Aprili 2024 mji huo ulianza kumtoza euro 5, katika siku maalumu zenye msongamano, mgeni anayekuja na kuondoka siku hiyohiyo. Anayelala mjini hatozwi ada hiyo. Wakuu wa mji walikuwa na sababu zao za kupunguza umati, lakini kanuni waliyoitunga ina hekima inayopita hesabu ya fedha. Mji wenyewe unatofautisha mgeni anayetua na mpita njia, na unamwona mpita njia kuwa mzigo. Nadhani hata ndoa hujua tofauti hiyo. Mtu anaweza kupita katika maisha ya mwenzake kama anavyopita Venice: akapiga picha, akala, akaondoka bila kulala. Uchache wa siku hauondoi haja ya kutua. Kinyume chake, siku zikiwa chache ndipo kila moja inapodai kukaliwa.

Pingamizi zito zaidi liliandikwa na Seneca, mwanafalsafa wa Roma, karibu miaka 2,000 iliyopita. Katika barua yake ya 28 kwa Lucilius anaeleza kwamba mwenye huzuni hawezi kuikimbia kwa kubadili nchi, kwa kuwa popote aendapo anajibeba mwenyewe. Seneca amesema kweli, nami simpingi. Kilomita hazimtibu mtu. Lakini maneno yake yanamhusu anayebeba mzigo wake bila shahidi. Ndani ya gari dogo, kwa saa sita, aliyekaa kiti cha pembeni anauona ule mzigo hata kama hautajwi: anausikia katika pumzi nzito mbele ya foleni, katika ukali wa jibu kuhusu njia iliyokosewa. Mzigo ulioonwa na mwingine unaweza kutuliwa, ikiwa yule mwingine atakubali gari lisimame na maneno yasemwe. Wasiposimama, Seneca atakuwa ameshinda, nao watafika pwani wakiwa wamebeba mizigo miwili badala ya mmoja.

Wapo pia waliosafiri sana pamoja kisha wakaachana. Wasanii Marina Abramović na Ulay waliishi miaka kadhaa ndani ya gari wakizunguka Ulaya kutoka mji hadi mji. Mwaka 1988 walianza kutembea juu ya Ukuta Mkuu wa China, huyu akitoka mwisho huu na yule mwisho ule. Baada ya miezi mitatu wakakutana, wakaagana. Je, njia iliwadanganya? Neno safari halikuahidi kwamba litahifadhi kila kifungo. Liliahidi kufunua, na lililofunuliwa huweza kuwa mwisho. Hata hivyo wawili hao waliona kwamba kuagana nako kunastahili kuendewa kwa miguu mpaka pahali pa kukutana, na hapo wakasimama. Kituo hakikuwa dawa ya mapenzi yao, ila kiliwapa ukweli na heshima ya kuupokea uso kwa uso.

Liko pingamizi la mwisho, nalo linaniuma. Huko Ventimiglia, mji wa pwani mpakani mwa Italia na Ufaransa, gari la wapenzi hupita likielekea Menton upande wa Ufaransa, huku bahari ikimetameta upande mmoja. Mwezi Juni 2015 polisi wa Ufaransa waliwazuia wahamiaji hapohapo, baadhi yao kutoka Sudan na Eritrea, na wahamiaji hao wakalala juu ya majabali ya ufukwe. Kusimama kwao hakukuwa kwa hiari, walisimamishwa. Kuzungumzia uzuri wa kutua mbele ya watu wa aina hiyo kunaweza kuonekana dhihaka ya walioshiba. Nakubali kwamba hoja yangu inapata mpaka wake hapa: kituo kina thamani pale tu mtu anapokichagua. Lakini tukio hilohilo linaongeza deni. Aliyeruhusiwa kupita amepewa uhuru wa kusimama, na anayejizoeza kusimama kwa ajili ya mkewe au mumewe amefunza miguu yake jambo ambalo mgeni juu ya jabali naye analihitaji. Tena, mazoezi hayo hayahitaji Ulaya wala pasi ya kusafiria. Hufanyika kwenye benchi la hospitali, kwenye foleni ya daladala, na kila pale mwendo wa mmoja unapokuwa mzito kuliko wa mwenzake.

Kwa hiyo wawili watakaolikodi lile gari wasijiulize watapita miji mingapi. Itafika jioni katika mji mdogo wa pwani, sahani zimeshaondolewa, na mmoja atataka kuketi saa moja zaidi bila sababu anayoweza kuieleza. Mwingine atakuwa na ufunguo mkononi, na kilomita 100 za kumaliza kabla ya usiku. Safari yao yote imekuja kukutana hapo. Na auweke ufunguo mezani.