Heshima na Bastola

Desturi ya kale ya watu wawili kupigana kwa silaha ili kulinda heshima yaweza kuonekana kuwa mfano mbaya wa kuwafundishia vijana amani. Lakini aliyeona mahali daraja lilipokatika ndiye ajuaye pa kulijenga.

Mwaka 1804 Aaron Burr, Makamu wa Rais wa Marekani, alionyeshwa barua iliyochapwa gazetini iliyodai kuwa Alexander Hamilton, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa kwanza wa nchi hiyo, alimtweza mbele ya watu. Tarehe 18 Juni alimwandikia kutaka maelezo. Hamilton hakukana wala hakuomba radhi; alijibu kwa ubishi juu ya maana ya neno. Barua zilizofuata ziliongeza ukali, hata tarehe 11 Julai walikabiliana kwa bastola Weehawken, New Jersey. Hamilton alipigwa risasi, akafa kesho yake. Burr alipona mwili, lakini jina lake katika siasa halikupona.

Ajabu ni kuwa Hamilton aliujua ubaya wa desturi ile. Mwanawe Philip aliuawa kwa namna iyo hiyo mwaka 1801, na kabla ya pigano mwenyewe aliandika kuwa dini na maadili yake yaliikataa. Alikwenda kwa kuwa alichelea kwamba asipokwenda hatafaa tena mbele ya umma. Basi mkono uliomwua ulikuwa wa Burr, lakini macho ya watu yalishiriki.

Hapa ndipo penye somo. Mwalimu akiwaambia wanafunzi kuwa ugomvi ni mbaya, huwaambia wanalolijua. Afadhali awape barua zile wazisome, awaulize ni wapi neno moja la radhi lingalitosha. Kisha awape kazi ya wasimamizi. Maana kila mpiganaji alikuwa na msimamizi wake, na wajibu wa msimamizi ulikuwa kutafuta suluhu kabla ya kupima hatua za uwanja.

Yaweza kusemwa kuwa suluhu huwafunza wanyonge kumeza matusi. Sivyo. Burr alikuwa na haki ya kudai maelezo. Hakuwa na haki ya kudai damu. Suluhu ya kweli humrudishia aliyetukanwa heshima yake bila ya kumwondolea mwenziwe uhai. Hasira hasara, walisema wahenga. Lakini mara nyingi hasara hiyo hulelewa na watazamaji wamwitao mwoga yule aombaye radhi. Vijana wakijifunza kumsifu mtu huyo, bastola haitakuwa na kazi.